Video Iliyotundikwa Kwenye Mtama

Siku ya tatu ya msiba wa Bibi, bibi yake rafiki yangu Dani, juu kidogo ya Gitting, nilikuwa nimekaa kwenye benchi lililoazimwa kanisani, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, niliposikia kinanda. Kilitoka kwenye simu. Vijana wanne, wajukuu na vitukuu wa marehemu, walikuwa wameinamiana nyuma ya trela la trekta, wakicheka kwa kubana pua kama watu wanavyocheka msibani. Mmoja akasema, "Rudisha, rudisha, mwone mzee Dani anavyokata kiuno." Chai ikanimwagikia gotini na sikuisikia. Miaka ishirini na kitu iliyopita nilitamka mbele ya kikao cha akina mama kwamba video ile haipo tena duniani. Baadhi ya akina mama hao walikuwa wamekaa hatua thelathini kutoka kwenye trela, kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba, kumi na mmoja kati yao wamevaa sketi zao za ngozi kwa heshima ya mwenzao. Niliwahesabu mara tatu. Neema, binti yangu, ndiye aliyeikuta video kwenye kompyuta yangu ya zamani. Akaona ni kichekesho, akawatumia watoto wa Dani, nao wakatumiana. Hakuna aliyejua kwamba walikuwa wanasambaza uongo wangu.

Nieleze vizuri, maana mimi nisipoeleza jambo vizuri silali. Mwaka ule Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Watu walikuwa wakikosea na kuandika Arusha kwenye barua, kisha wanafuta. Redio za binafsi zilikuwa zimefika hadi kwenye migongo ya baiskeli, na kila kijana aliyekuwa na kofia alikuwa na wimbo. Mimi nilitoka Bashay, upande wa Mbulu, nikashuka Endasak na kamera isiyo yangu. Mfanyabiashara mmoja wa Katesh alikuwa ameniajiri kupiga video za harusi na kipaimara, na kwa sababu harusi nyingi za msimu ule zilikuwa kwenye vijiji vya chini ya mlima, nikapanga chumba Endasak. Hakuna aliyenifundisha kazi ile. Nilijifunza kwa kijitabu kilichokuja na kamera, cha Kiingereza, nikiwa na kamusi ya shule iliyokosa kurasa za mwisho. Kwa hiyo mambo mengi yaliyoanza na herufi za mwisho sikuyajua hadi nilipoharibu harusi mbili.

Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuishi. Kuta za udongo zilizopakwa chokaa, kitanda cha kamba, deki mbili za video zimewekwa juu ya kreti za soda, televisheni ndogo, na betri ya gari chini ya meza ambayo kila siku ya pili niliibeba kwa baiskeli kwenda kuichaji kwenye mashine ya kusaga. Kila kitu kilinukia maharage, kwa sababu mwenye nyumba alihifadhi magunia yake upande wa pili wa ukuta usiofika juu. Kwenye dirisha nilikuwa na daftari nililoliita Daftari la Makosa. "Harusi ya Dareda: bibi harusi amekatwa kichwa dakika nzima." "Kipaimara: nimemfuata ndege badala ya askofu." Nililisoma kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Wenzangu walidhani ni Biblia.

Dani alikuja kwangu mwezi wangu wa pili pale. Alikuwa Mbarabaig, mrefu, mwenye meno ya kucheka. Aliishi kwa bibi yake kule juu Gitting, akilima na kuchunga, na vijana wa mnadani walimjua kwa jina la Dogo Kilele. Alikuwa na wimbo mmoja. Uliitwa "Nimekukuta Mnadani", na ulihusu kijana aliyepelekwa na baba yake kuuza fahali, akamwona msichana, akarudi nyumbani bila fahali na bila msichana. Alikuwa ameurekodi kwa kinanda cha kwaya, kilichokuwa na mdundo mmoja tu unaofanya kazi, na huo ulikuwa wa nyimbo za Krismasi.

"Fundi Elia," aliniambia, amekaa kwenye kitanda changu kwa kuwa kiti hakikuwepo, "nataka video. Kama za Dar."

"Za Dar zina magari."

"Sisi tuna mlima."

Msichana wa kwenye video alikuwa Zaina, binti wa muuguzi wa zahanati aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo, na hakuna mtu anayehitaji kucheza muziki kama mtu anayesubiri matokeo. Alikuja na begi la nguo tatu fupi alizoshona mwenyewe kwa kuangalia runinga. Alipotoa ya kwanza nikatazama mlangoni. Miezi michache kabla, kibanda cha video cha Endasak kilikuwa kimefungwa kwa mwezi mzima kwa sababu ya wimbo fulani uliokuwa na mapaja, na mwinjilisti wetu alikuwa ametoa mahubiri juu ya mapaja Jumapili mbili mfululizo, kwa undani ambao kanda yenyewe haikuwa nao. Mimi ndiye niliyepiga harusi zote za kanisani. Mwinjilisti akinikasirikia, nimekwisha.

"Hiyo haiwezekani," nikamwambia Zaina.

"Inafika hapa." Akaonyesha goti.

"Ukiruka je?"

"Kaka Elia, mimi ndiye ninayeruka na wewe ndiye unayetetemeka."

Ilikuwa kweli. Nilitetemeka wiki nzima. Niliandika kwenye daftari: "Asitiriwe. Asitiriwe kabisa." Haya nimeyaandika hapa ili ionekane kwamba sikuwa mhuni. Kosa langu lilitokana na adabu, na hadi leo makosa yangu makubwa yote yametokana na adabu.

Tulipiga video nyumbani kwa bibi yake Dani, siku ya mnada, kwa kuwa siku hiyo Bibi alikwenda kuuza samli na hakuna mtu mzima angekuwepo. Boma lilikuwa zuri kuliko picha ya kalenda: miiba ya uzio, nyumba ndefu ya udongo, na mlima wote wa Hanang umesimama nyuma bila wingu. Nilipanga mahali pa kamera kwa muda mrefu hadi Dani akamaliza kukamua mbuzi wawili. Zaina alikuwa amevaa ile sketi ya kufika gotini, na kila upepo ulipovuma mimi niliona uso wa mwinjilisti. Nikaingia ndani kutafuta khanga, kitenge, shuka, chochote. Ndani palikuwa na giza na harufu ya moshi na maziwa, na kwenye kigingi, peke yake kwenye ukuta mzima, ilikuwa imetundikwa sketi ya ngozi. Ilikuwa laini, ya rangi ya asali mbichi, imekatwa nyuzi ndefu nyembamba kuanzia kiunoni hadi chini, na imepakwa samli hadi inang'aa. Nikaona tu kwamba inafika kwenye vifundo vya miguu. Nikaitungua.

Dani aliponiona nayo mlangoni aliacha kucheka. "Hiyo rudisha."

"Dakika kumi."

"Elia, hiyo haivaliwi na msichana. Hiyo ni ya mwanamke aliyeolewa. Bibi yangu ameivaa kwenye maombi ya mvua."

"Nani atajua? Itaonekana kidogo tu, chini."

"Bibi akijua mimi sina kwetu."

Hapo ndipo penye dhambi yangu, na sitaki kuipamba. Nilikua Bashay, mtoto wa Wairaqw, na kwetu pia kuna vitu vya wazee ambavyo mtoto hagusi. Nilijua kitu kinachotundikwa peke yake kwenye ukuta hakitundikwi hivyo bure. Nilijua, lakini jua lilikuwa linapanda na mlima ungepata wingu saa yoyote. Nikamwambia Dani, "Basi kaa na video isiyopitishwa na kanisa, uimbie mbuzi." Akanipisha. Zaina, mtoto wa Tanga, asiyejua chochote, akaifunga sketi kiunoni akazunguka, na zile nyuzi zikafunguka zote kama mvua inayokuja kutoka bondeni. Hata Dani alitazama.

Tulirudia mara saba. Mara sita midomo ya Dani haikuendana na wimbo. Mara ya saba kila kitu kilikaa: midomo, upepo, kiuno cha Dani, mlima. Na mwishoni mwa mara hiyo ya saba, kwenye kioo kidogo cha kamera, juu ya bega la Zaina, nikaona mtu anaingia kwenye lango la uzio. Bibi. Amerudi mapema, kibuyu mkono mmoja, fimbo mkono mwingine. Akasimama, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama kwetu akiwa na jua usoni. Nikazima kamera na kupiga kelele. Zaina akakimbilia nyuma ya ghala akaivua, Dani akaikimbiza ndani, na Bibi alipotufikia, akipepesa macho, sketi ilikuwa imekwisha kurudi kwenye kigingi na mimi nilikuwa nasema shikamoo kwa sauti ya juu mno.

"Marahaba. Mnafanya nini?"

"Picha, Bibi. Za mlima."

"Mlima haujawahi kukimbia," akasema, akaingia ndani. Baadaye alitupa ugali na maziwa ya mgando, na nilikula nikitazama chini.

Kwenye kuunganisha picha nilikesha na zile sekunde nne. Mimi sikuvumilia doa, na pale palikuwa na doa: mwanamke mzee asiyehusika anaingia nyuma ya mchezaji mkuu. Nilijaribu kumkata, lakini nikimkata Bibi namkata Dani akiwa ameimba sawasawa kwa mara yake ya pekee. Nikamwacha. Niliandika kwenye daftari, "Bibi sekunde nne. Aibu." Kisha nikatoa kanda kumi na mbili.

Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha Endasak, siku ya soko, saa nane mchana. Mwinjilisti alikuja. Alikaa mstari wa mbele, mikono juu ya fimbo yake, na mimi nilisimama kando ya deki nikihesabu pumzi zake. Wimbo ukaanza na kengele za Krismasi. Zaina akatokea, akazunguka, nyuzi zikafunguka hadi kwenye vifundo vya miguu. Mwinjilisti akageuka kwangu taratibu.

"Elia," akasema mbele ya kibanda kizima, "huyu binti amejisitiri. Vijana wa Dar waje wajifunze hapa."

Watu wakapiga makofi. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na haikumaliza dakika mbili. Mlangoni walikuwa wamesimama wanawake wawili wa Kibarabaig waliotoka mashineni, wakiwa na unga kichwani, wamevutwa na kelele. Mmoja aliutazama ukuta wenye runinga, akatua unga wake chini, na hakuna mwanamke anayetua unga kichwani bila msaada kama hana sababu. Akasema neno moja kwa mwenzake. Wakaondoka bila kukimbia, na unga ukabaki pale mlangoni. Watu walikuwa wanauruka wakitoka. Mimi niliukodolea macho hadi jua lilipopungua na mtoto mmoja akatumwa kuufuata.

Siku mbili baadaye Dani alikuja chumbani kwangu na mfuko wa rambo wenye nguo zake. Alikaa kwenye kreti.

"Wamekuja akina mama nyumbani," akasema. "Kama ishirini. Wakamuuliza Bibi, sketi yako imeolewa lini mara ya pili? Bibi hakujua wanasema nini. Wakamwambia."

"Akasemaje?"

"Akaiangalia tu pale kigingini. Kisha wakaniuliza mimi nani aliitungua."

Betri chini ya meza ilikuwa inachemka kidogo kwa sauti yake ya siku zote.

"Nikanyamaza," Dani akasema. "Kwetu ukinyamaza umekubali. Nimeambiwa nisikanyage boma hadi kikao cha akina mama kikae."

Hapa ndipo mtu mzuri angesema, "Twende sasa hivi, nitawaambia ni mimi." Mimi nilisema, "Pole sana. Umekula?" Nikampikia makande. Nilichambua maharage punje moja moja hadi Dani akaniuliza kama natafuta dhahabu. Alilala sakafuni kwangu wiki tatu. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo lilikuwa baya kuliko kipigo. Asubuhi aliamka na kutazama juu mlimani ambapo moshi wa kwao ulionekana, kisha akanawa. Mimi nilisoma Daftari la Makosa. Siku ya kwanza nilikuwa nimeandika "Sketi" na kuacha mstari mzima wazi, na mstari ule ulibaki wazi wiki tatu.

Mama yake Zaina, muuguzi, alikuja pia, na sare yake nyeupe, akasimama mlangoni pangu akiwa amekamata kiuno. "Nasikia huku milimani mwanangu ameolewa. Ameolewa lini, na nani, na mimi sikuletewa hata kikombe cha chai?" Kwa kuwa ndivyo maneno yalivyokuwa yamefika zahanati: mwanamke mwenye sketi ile ana mume, basi mume ajitokeze. Dani akamwambia, "Shikamoo mama. Ni mchezo tu." Akajibu, "Marahaba. Mchezo unaoitiwa kikao na wanawake ishirini wenye fimbo?" Kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu, kama anavyotazama mtoto anayesema hana homa. "Na wewe mbona unatoka jasho?"

Kikao kilikaa chini ya boma la Bibi, kwenye nyasi wazi za mteremko. Wanaume hawakuruhusiwa kukaribia isipokuwa sisi tulioitwa. Tulikalishwa kando, Dani na mimi, Zaina na mama yake. Akina mama walikuwa wengi kuliko nilivyowaza, duara kubwa la sketi za ngozi zilizotandazwa kwenye nyasi, fimbo zimelazwa mbele ya magoti. Walisema Kibarabaig, na shangazi yake Dani, Mama Samweli, mwanamke mwembamba mwenye sauti kavu, alitafsiri. Alianza na mzaha, na mzaha wake ulinitisha kuliko ukali. "Tumekuja kwenye harusi," akasema. "Bibi harusi tunamwona. Bwana harusi yuko wapi?" Akina mama wakacheka chini kwa chini. Dani akaanza kuinua kichwa.

Mimi sikuwa namtazama. Nilikuwa namtazama Bibi. Alikaa mwisho wa duara, peke yake, na kati ya ngozi zote zile yeye alikuwa amevaa kitenge. Kitenge kipya, cha dukani, chenye mikunjo ya kukunjwa bado. Sketi yake ilikuwa imeguswa na asiyestahili, na hadi neno lifike mwisho hakuwa na haki ya kuivaa mbele ya wenzake. Alikuwa akivuta ncha ya kitenge kile kufunika miguu, kama msichana aliyevalishwa nguo isiyo yake. Mimi ninayeona kila doa sikuwa nimewahi kuliona hilo. Nilihangaika wiki nzima kumvalisha mtoto wa watu, na sasa nilikuwa nimemvua bibi wa watu.

Nikasimama. "Ni mimi," nikasema.

"Kaa chini," Mama Samweli akasema. "Hujaitwa."

Nikakaa. Kikao kikaendelea. Naapa ilipita nusu saa ya maneno nisiyoyaelewa, mimi nikiwa na ungamo mdomoni kama mtu mwenye kijiko cha uji wa moto. Mwishowe akanielekezea fimbo. "Sasa wewe Mwiraqw wa Bashay. Sema."

Nikasema yote. Kigingi, dakika kumi, "uimbie mbuzi", wiki tatu. Nilisema hata habari ya makande. Mama Samweli akatafsiri, kisha akaniuliza swali la kikao: "Kwa nini? Mlikuwa na nguo. Binti alikuwa na sketi yake."

"Ilikuwa fupi, mama. Nilimwogopa mwinjilisti."

Akatafsiri. Mama mmoja mzee sana akauliza kitu, Mama Samweli akajibu akionyesha goti lake, na yule mzee akacheka hadi akashika ardhi. Kicheko kikaenda duara zima. Hata muuguzi alikuwa anacheka na hakuelewa neno. "Anasema," Mama Samweli akaniambia, akifuta macho, "magoti hata mbuzi anayo." Lakini uso wake ulirudi mara moja. "Kosa halijacheka. Kaa usikilize."

Dani alirudishiwa boma pale pale. Mimi nikatozwa madebe mawili ya asali na kondoo mmoja mweusi. Kanda zote ziletwe. Na kwa kuwa mtama wa Bibi ulikuwa unakomaa na ndege walikuwa wengi mwaka ule, mkanda wa ndani wa kila kanda uvutwe utundikwe shambani, nami niwinge ndege hadi mavuno. Nilizileta kanda mbele ya kikao siku ya tatu, kwenye gunia. Mama Samweli alizipanga kwenye nyasi.

"Nakuuliza kwa Kiswahili," akasema, "usije ukasema hukuelewa. Zote?"

"Zote," nikasema.

Kanda ya kwanza kabisa, ile mama ya zile kumi na mbili, ilikuwa chumbani, ndani ya gunia la maharage la mwenye nyumba. Nilikuwa nimeungama saa moja nzima mbele ya duara lile na bado sikuweza kuharibu mara ile ya saba, ambapo midomo ilikaa.

Basi tukaivuta ile mikanda, Dani na mimi, tukaifunga kwenye miti kutoka upande hadi upande wa shamba, myeusi, inang'aa. Upepo wa mlima ukipita ilitetemeka yote kwa pamoja ikatoa mlio wa chini, mrefu, na ndege wakageuka juu kwa juu. Dani alisema kwa mara ya kwanza wimbo wake unaimbwa kwa sauti sawasawa. Bibi alikuja jioni ya kwanza, amevaa sketi yake, akasimama akisikiliza. Akasema, "Ule ulikuwa wimbo gani?" Dani akamwimbia hadi fahali anapopotea. Bibi akasema huyo kijana ni mjinga, akatuletea maziwa. Niliwinga ndege kwenye mtama wake hadi mavuno, na kila mwaka baada ya hapo nilipita Gitting kumsalimia. Mtu angedhani ni mapenzi tu. Yalikuwa mapenzi, lakini pia nilikwenda kuhakikisha kwamba hajui.

Hayo yote yalinipitia kichwani pale kwenye benchi la msiba, chai ikikauka gotini. Vijana walikuwa wameirudia mara ya tatu. Dani, siku hizi mwalimu mkuu mwenye kipara, aliwasikia kutoka kwenye sufuria za wali, akanitazama, na nikaona ameelewa kila kitu kwa mara moja. Aliinua vidole vitatu tu, kama alama ya mnada. Wiki tatu. Ningeweza kuwaambia vijana wafute. Vijana wangefuta. Nilikuwa na dakika tano hivi kabla mtoto fulani hajaenda kuwaonyesha akina mama.

Nikanyanyuka na simu yangu mwenyewe, ambayo video ile, niliyokuwa nimeihamishia kwenye kompyuta kutoka ile kanda, ilikuwemo kwa siri tangu niliponunua simu ya kwanza yenye kioo, nikavuka uwanja. Mama Samweli sasa ndiye mkubwa wa wale waliobaki. Nikapiga goti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba."

"Ilibaki moja," nikasema. "Siku ile nilikudanganya."

Alinyoosha mkono. Nikaibonyeza ianze, nikampa. Kengele za Krismasi zikalia kwenye msiba ule. Wengine wakasogea. Niliwatazama nyuso wakati Zaina anatokea na kuzunguka na nyuzi zinafunguka, nikisubiri, na hakuna aliyepepesa jicho kwa ajili yake. Kisha Mama Samweli akashtuka, akainamisha uso hadi karibu na kioo.

"Simamisha. Huyu. Rudisha."

Nikarudisha. Juu ya bega la Zaina, kwenye lango, anaingia mwanamke mwenye kibuyu na fimbo, mgongo umenyooka, anatembea upesi. Anasimama. Anaweka kiganja juu ya macho na kututazama. Bibi hakuwahi kupenda kupigwa picha, na ile iliyowekwa juu ya jeneza ilitolewa kwenye kadi ya kura, anaonekana kama amekamatwa. Hapa anatembea. Simu ilienda mkono kwa mkono, na kila mmoja aliirudisha nyuma mwenyewe baada ya kuonyeshwa mara moja tu mahali pa kugusa. Mama mmoja alimwamkia kwa Kibarabaig pale kwenye kioo, akasubiri, akamwamkia tena. Sekunde nne. Niliziita aibu kwenye daftari, kwa wino mwekundu.

Simu ikamrudia Mama Samweli. Akaifuta kwa ncha ya shuka, akaishika mapajani juu ya sketi yake.

"Elia."

"Naam, shangazi."

"Nilikuuliza kwa Kiswahili."

"Uliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema zote."

Akawageukia wenzake. Wakaongea, si kwa muda mrefu, na nilisikia neno la asali, ambalo sasa nalijua. "Madebe manne," akasema. "Mawili ya uongo, mawili ya kuuweka miaka hii yote. Kabla ya kumaliza matanga."

"Ndiyo, shangazi."

Nikasimama, magoti yananiuma, nikaanza kuwaza ni nani Endasak ana asali ya kutosha mwezi huu. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuchukua simu. Akaiondoa mbele yangu bila kuniangalia, tayari anairudisha nyuma kwa kidole chake.

"Hii," akasema, "iache."